Gari Lililosikia Baridi

Mafundi wetu wa magari wameliazima neno "sensa" bila kutuomba ruhusa sisi walimu. Kwetu sensa ni kuhesabu watu, kama ile ya Agosti 2022, makarani walipopita nyumba hadi nyumba wakiuliza nani alilala hapa. Gereji, sensa ni kidude chenye ukubwa wa kidole gumba kilichochomekwa kwenye injini ili kipeleke habari. Mwanzoni jambo hili lilinikera, kama linavyomkera mwalimu yeyote wa zamani neno lililokaa mahali pasipo pake. Siku hizi naona mafundi hawakukosea sana. Aliyeko makao makuu haioni nyumba yenyewe. Anaona tarakimu iliyomfikia tu. Tarakimu ikiharibikia njiani, ataamua mambo makubwa kwa kufuata uongo ambao hakuna mtu aliyeusema.

Habari ninayotaka kukueleza, ndugu msomaji, ni ya uongo wa namna hiyo, na ya kijana mmoja wa gereji aliyekaribia kuulipia.

Gari letu ni dogo, la Kijapani, la mwaka 2005. Tulilinunua likiwa mtumba mwaka 2014, nilipokuwa nimekwisha kustaafu ukuu wa chuo cha ualimu. Hapa mtaani kwetu Iringa ni gari la watu wote. Limewapeleka wajawazito hospitali usiku wa manane, limebeba maharusi, limebeba masufuria ya msiba. Kwa kuwa mara nyingine majirani hunichangia mafuta, nami sipendi maneno, kila lita ya petroli inayoingia naiandika katika daftari: tarehe, kilomita, lita. Mke wangu huliita daftari hilo Mtihani wa Taifa. Acha aliite hivyo, utaona lilivyotufaa.

Wale wenzangu wenye mvi watakumbuka magari ya zamani yalivyokuwa. Gari la chuo nililojifunzia kuendesha, miaka ya 1970, lilikuwa na kabureta na choki. Asubuhi ya baridi ulivuta choki, injini ikapewa mafuta mengi na hewa kidogo, ikawaka kwa kukohoa. Ilipopata moto uliirudisha choki. Ukisahau, gari lilitoa moshi mweusi na kunuka petroli, na wanafunzi wakacheka. Kwa maneno mengine, mwenye kujua kuwa kuna baridi alikuwa dereva. Sensa ilikuwa wewe mwenyewe na vidole vyako vilivyokufa ganzi.

Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ilitoa mtambo wa umeme wa kupulizia petroli, nao ukafungwa katika Volkswagen 1600. Humo ndani mlikuwa na vidude vya kupima joto na mgandamizo wa hewa, na kisanduku cha kupiga hesabu ya mafuta. Tangu hapo kazi ya choki ikaanza kuhamia kwenye waya. Baadaye serikali za nchi zenye moshi mwingi zikaingilia kati. Marekani ililazimisha magari madogo ya kuanzia mwaka 1996 yawe na mfumo mmoja wa kujipima na kujisema, na Ulaya ikafuata kwa magari mapya ya petroli tangu mwaka 2001. Taa ya njano yenye picha ya injini, ambayo leo inatunyima usingizi, asili yake ni vita dhidi ya moshi wa mijini.

Kidude kinachopima joto la maji ya injini ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ndani yake mna kipande cha kitu ambacho kikiwa baridi kinauzuia umeme sana, na kikipata moto kinaupitisha kwa urahisi. Michael Faraday aliiona tabia hii mwaka 1833 alipokuwa akichunguza salfaidi ya fedha, nayo ni kinyume cha waya wa shaba, ambao ukipashwa moto ndipo unapozidi kuuzuia umeme. Katika gari kama letu, kwenye nyuzi 20 kidude hicho kina ukinzani wa kama omu 2,500. Kwenye nyuzi 80 unashuka hadi kama omu 300. Kontroo boksi, kama mafundi wanavyokiita kisanduku cha hesabu, inatuma volti 5 kupitia kizuizi chake cha ndani, inasubiri kuona volti ngapi zimebaki kwenye waya, kisha inasema: maji yana joto kadhaa. Volti nyingi maana yake baridi, volti chache maana yake moto. Haina njia nyingine ya kujua. Haina kidole cha kugusia rejeta.

Mwezi wa Mei tulikuwa tunarudi kutoka mazishini Morogoro. Tulipofika mlima Kitonga tulikuta msururu wa malori makubwa yakipanda kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo kichwani, nasi tukawa nyuma yao. Katikati ya kona nikasikia harufu ya maji matamu yaliyoungua, kisha mvuke ukatoka kwenye boneti. Nikaegesha pembeni, mke wangu akaweka matawi barabarani nyuma yetu.

Gari letu halina geji ya joto. Kama magari mengi madogo ya aina yake lina taa mbili tu: ya bluu kuonyesha injini bado baridi, na nyekundu kuonyesha imezidi moto. Mke wangu aliporudi aliinama dirishani akatazama.

"Mwalimu," aliniambia, "mbona taa ya bluu inawaka? Si ndiyo ya baridi hiyo?"

Ilikuwa inawaka kweli. Maji yanachemka, mvuke unapanda, na gari linasema linasikia baridi. Na feni, ambayo saa ile ingepaswa kuunguruma, ilikuwa imetulia tuli. Nikazima injini, tukakaa juu ya jiwe zaidi ya saa moja. (Tafadhali, usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto. Nimeona mtu aliyefungua.) Ilipopoa tukaongeza maji, tukawaacha wenye malori watangulie, tukafika Iringa usiku kwa hisani ya upepo wa barabarani.

Kesho yake nikaenda gereji. Wiki moja kabla nilikuwa nimelipeleka gari hapohapo kubadilisha oili, na kijana mmoja anayejifunza ufundi, mtoto wa Kilolo, alikuwa ameoshea injini kwa maji ya mpira. Hili liweke akilini.

Fundi mkuu alichomeka mashine yake ya kusomea, nayo ikatoa namba ya kosa. Namba ile, kwa maana yake kamili, inasema: katika mzunguko wa sensa ya joto la maji, volti zimezidi. Angalia neno "mzunguko". Mzunguko ni sensa, soketi, waya wa kwenda, waya wa kurudi, na kontroo boksi yenyewe. Lakini katika gereji zetu namba husomwa kwa kifupi: sensa ya joto imekufa. Akaweka mpya. Taa ikazimwa. Siku ya pili ikawaka tena. Akaweka nyingine, kutoka duka jingine, akisema ile ya kwanza ilikuwa feki. Siku ya tatu ikawaka tena.

Hapo hukumu ikatoka. Kama sensa mbili mpya zimeshindwa, basi kontroo boksi imekufa. Na imekufa kwa sababu kijana aliimwagia maji. Boksi ya mtumba ingepatikana Dar es Salaam kwa shilingi 400,000. Mimi ningelipa nusu, na nusu ingekatwa kwa kijana, ambaye kwa mwaka wa pili alikuwa anapewa pesa ya kula tu. Bosi alikwisha kuandika deni katika daftari la gereji. Kijana alisimama na spana mkononi akitazama chini, hakujitetea. Nimewaona watoto wa namna hiyo maisha yangu yote, na nimesoma ripoti zao: mvivu, hasikilizi, arudie darasa. Kisha siku moja muuguzi anapita shuleni na chati ya macho, na mtoto anapewa miwani.

Nilikuwa nimefundisha umeme kwa miaka mingi kabla ya kupewa ofisi na mihuri. Kitu kimoja hakikuniingia akilini. Katika siku zile tatu nilikuwa nimeona kwamba taa ya njano ikiwaka, feni huzunguka muda wote, hata asubuhi yenye umande. Taa ikizimika, feni haizunguki kabisa, hata injini ikiwa moto wa kukaangia. Boksi iliyokufa haina utaratibu wa namna hiyo. Hii ilikuwa boksi yenye akili timamu inayopewa habari mbovu. Waya ukikatika kabisa, volti zote 5 hubaki pale pale, na boksi husoma nyuzi 40 chini ya sifuri. Baridi hiyo haijapata kuwapo Iringa wala Kitulo, hivyo boksi inagundua kuwa imedanganywa: inawasha taa, inajikadiria kuwa injini ina nyuzi 80, na inaizungusha feni kwa tahadhari. Lakini waya ukipitisha umeme kwa shida, bila kukatika, tarakimu inayofika ni ya kawaida tu. Nyuzi 20, asubuhi nzuri. Boksi inaamini. Inaongeza petroli, inaiacha feni ilale, na taa ya njano haiwaki, maana kwa hesabu zake hakuna kosa.

Nikamwomba bosi asiagize boksi mpaka Jumamosi. Nikaondoka na sensa ya zamani na ile iliyoitwa feki.

Nyumbani nilihitaji sufuria. "Sufuria yangu ya uji?" mke wangu aliuliza, na mjadala ukawa mrefu kuliko jaribio lenyewe. Nilizitundika sensa zote mbili kwa uzi, vichwa ndani ya maji, kipimajoto katikati, na mita ya umeme pembeni. Maji yalipopata moto polepole, omu zikashuka polepole: karibu 2,500, kisha 1,200, kisha 600, na kwenye nyuzi 80 zote mbili zilikuwa karibu na 300. Hakuna iliyokufa, hakuna feki. Shilingi zilizotumika kununua mpya zilikuwa zimewafukuza mashahidi wawili wakweli.

Jumamosi nilimwomba bosi aniazime kijana. "Shikamoo, Mwalimu," alisema, akanipokea mkoba. Nikampa mita aishike yeye. Kuna sababu: mtu anayeshtakiwa akisoma tarakimu kwa mdomo wake mwenyewe, anaanza kunyoosha mgongo.

Kwanza tuliichomoa soketi ya sensa na kufungua swichi. Mashine ikasoma nyuzi 40 chini ya sifuri, kama inavyopaswa waya ukiwa wazi. Kisha tukaunganisha matundu mawili ya soketi kwa kipande kifupi cha waya. Sasa hakuna ukinzani wowote mahali pa sensa, kwa hiyo boksi ingepaswa kuona moto wa ajabu, nyuzi 140 na zaidi. Ilisoma 25.

"Tumeondoa sensa kabisa," nikamwambia, "na bado kuna kitu kinazuia umeme. Kiko wapi?"

"Kwenye waya, au kwenye boksi, Mwalimu."

Vizuri. Tukairudisha sensa, tukawasha injini mpaka rejeta ikawa haishikiki. Mashine ilisoma nyuzi 20. Lakini sensa nyingine, ile ya hewa inayoingia kwenye injini, ilisoma 31, jambo la kawaida chini ya boneti. Sensa hizi mbili zinachangia waya mmoja wa kurudi kwenye boksi, kisha mbele yake kila moja ina tawi lake. Kama shina lingekuwa bovu, zote mbili zingedanganya. Kisha kijana akaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, na nyingine nyuma ya soketi, kwenye waya wa kurudi wa sensa ya maji. Waya mzima hapo huonyesha sehemu ndogo mno za volti. Yeye alisoma kwa sauti: "Mbili nukta sifuri." Volti mbili kamili, zimepotea katika waya ambao haupaswi kupoteza chochote. Boksi haikuwa na hatia. Ubovu ulikuwa kwenye tawi.

Hapa huwa namkumbuka Georg Simon Ohm, ambaye kanuni yake ndiyo tuliyokuwa tukiifuata. Watu humdhania profesa mkubwa. Alipokuwa akipima nyaya zake alikuwa mwalimu wa shule huko Cologne, akifundisha hisabati na fizikia kwa vijana. Kitabu chake kilitoka mwaka 1827 na nyumbani kwake Ujerumani kikapokewa kwa ubaridi. Heshima ilimfikia kutoka ng'ambo, pale Royal Society ya London ilipompa nishani ya Copley mwaka 1841, na ukiti wa fizikia Munich aliupata mwaka 1852, miaka miwili kabla ya kufa. Niliwasimulia habari hiyo wanachuo wengi waliolalamikia kupangiwa shule za vijijini, sijui kama iliwafariji.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya subira. Kijana alishika mkono wa nyaya akautikisa kidogo kidogo kuanzia kwenye soketi kurudi nyuma, nami nikatazama mashine. Ishirini, ishirini, ishirini. Alipofika kwenye mkunjo chini ya boksi la chujio la hewa, tarakimu ikaruka hadi 40 chini ya sifuri, taa ya njano ikawaka, na feni ikaanza kunguruma usoni petu.

Chini ya bomba la plastiki lililopasuka kulikuwa na solotepu nyeusi, imekauka, gundi yake imegeuka unga wenye vumbi. Ndani yake waya ulikuwa umekatwa siku nyingi zilizopita na kuungwa kwa kusokotwa tu, bila kulehemiwa. Shaba ilikuwa imegeuka kijani kama majani ya mpunga. Nyuzi chache bado zilikuwa zimegusana. Mtu fulani, katika gereji fulani, Japani au hapa nchini, alikuwa ameokoa dakika tano.

Nilidhani kesi imekwisha, lakini bosi ni mtu wa hoja, na hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Aliinama, akatazama, akasema: "Mwalimu, kutu si maji hayo? Si yeye aliyeosha?"

Nikatoa Mtihani wa Taifa. Januari, kilomita 12.6 kwa lita. Februari, 11.9. Machi, 10.8. Aprili, 9.7. Barabara zilezile, mzigo uleule, dereva yuleyule mwoga wa mwendo. Gari lilianza kula mafuta Februari, maana ndipo boksi ilipoanza kuambiwa kuna baridi kuliko ilivyo, kidogo kidogo, kadiri shaba ilivyozidi kuliwa. Injini ilioshwa Mei, na stakabadhi yenye tarehe ilikuwa ya gereji yake mwenyewe, kwa mwandiko wake. Nikaiweka kando ya daftari. Akasoma safu ya tarakimu kwa kidole, kutoka juu kwenda chini, kisha akarudia.

Hakusema kitu kwa muda. Kisha akaingia ofisini, akatoka na daftari la madeni, akapiga mstari juu ya jina la kijana, mstari mmoja mrefu, kwa kalamu nyekundu. Hakumwomba radhi mbele yangu, na sikutegemea afanye hivyo mbele ya mteja. Akamwambia tu, "Leta risasi na pasi ya kulehemia."

Kijana aliukata waya mpaka akafika kwenye shaba nyekundu, akaunganisha kipande kipya, akakilehemu, akakivisha mpira. Injini ilipopata moto volti za sensa zilishuka hadi 0.5, taa ya bluu ikazimika baada ya dakika chache, na baadaye feni ikazunguka yenyewe, ikapumzika, ikazunguka tena. Nililipa sensa moja na ufundi wa nusu siku. Ya pili bosi alikubali kuirudisha dukani. Mwezi wa Juni daftari liliandika kilomita 12.4 kwa lita.

Tulipokuwa tunafunga boneti kijana aliuliza mita kama ile inauzwa kiasi gani. Nikamtajia bei, akanyamaza. Basi nikamwambia aichukue yangu mpaka Jumatatu. Aliirudisha Jumatatu, imefutwa vumbi, na Jumamosi iliyofuata akaja kuiomba tena.